Mwalimu Aliyebadilishiwa Vitabu Mara Nne

Hakuwa mtu wa kupendwa haraka, na mimi sikumpenda haraka. Miaka sita tulikaa jengo moja hapa Laurel, Marekani, yeye chini, sisi ghorofa ya pili, na mwaka mzima wa kwanza nilimwona mzungu mwenye maringo tu, bibi kizee aliyenyooka mgongo kama ufagio uliosimamishwa ukutani. Baadaye nikajua kwamba ni mwalimu, na kwamba katoka Albania, nchi ambayo mpaka siku hiyo sikuwahi kuisikia. Alifariki majira ya baridi yaliyopita. Jina lake ninalo, ila silitaji, maana mengine ninayotaka kuyasema si ya sifa, na ana wajukuu. Nitamwita Mwalimu, kama nilivyomwita akiwa hai.

Nianze na lililomkaa rohoni, mtu asije akadhani nalificha. Mwalimu alikuwa akimtafuta mwanafunzi wake mmoja. Si wanafunzi wote, mmoja. Mtoto wa kike aliyemfundisha darasa la pili huko kwao, yeye akiwa mwalimu mpya kabisa, na mtoto huyo kama bado yuko hai basi naye ni mtu mzima mwenye mvi. Alitaka amwambie neno, na yule amjibu. Basi. Ukali wake, kunyamaza kwake, hata vile alivyomfundisha mjukuu wangu, vyote vilikuwa vinazunguka hapo hapo. Sababu nitaifikia.

Tulijuana kwa chai. Binti yangu Rehema, ambaye kazi yake ni kutunza wagonjwa majumbani, alimkuta nje kwenye barafu na mifuko yake, akambebea, akamkaribisha kwetu apate joto. Namuuliza, utakunywa chai? Anatikisa kichwa, kulia, kushoto. Haya, nikaepua sufuria. Amekaa tu. Labda kahawa? Anatikisa tena, na safari hii anatabasamu huku analitazama jiko. Mjukuu wangu Nasra, wakati huo ana miaka sita, akaniambia kwa Kiingereza chao, maana Kiswahili anakisikia vizuri lakini kukijibu ndiyo shughuli: Bibi, huyu anakubali. Kumbe kwao kutikisa kichwa ndiko kukubali. Akanywa vikombe vitatu, akaviosha mwenyewe, akavifuta, akavipanga mishikio yote ikitazama upande mmoja.

Kiingereza changu nimekiokota kwenye vyumba vya hoteli nilivyosafisha miaka minane. Chake alikitoa kwenye kamusi. Mimi nasema haraka na vibaya, yeye polepole na sawasawa, tukawa tunakutana katikati.

Mjukuu wangu ana akili, na kulisema hilo siombi radhi. Anasoma vitabu vizito ambavyo mimi hata kuvibeba navibeba kwa mikono miwili. Lakini hesabu zilikuwa zinamkimbia, na shuleni walikuwa wanambandikia nyota kwenye daftari. Mwalimu alilichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akauliza, "Hii nyota ya nini?"

"Ya kujitahidi," Nasra akasema.

"Kujitahidi kufanya nini? Jibu si hili."

Akaibandua nyota kwa ukucha. Mtoto macho yakamjaa machozi. Na mimi hasira zikanipanda, nikataka kumwambia huyu mama atoke kwangu, ila nikamwona keshavuta penseli, anaandika jedwali la saba kwa mwandiko ambao sijauona popote, herufi zimenyooka kama zimepigwa chapa. Tangu hapo, mara mbili kwa wiki Nasra akawa anashuka chini na daftari lake. Akirudi analalamika kwamba Mwalimu ni mkali, hasifu, hatabasamu. Siku ya somo ikifika, namkuta kasimama mlangoni kwa Mwalimu kabla ya saa.

Tabia yake moja ilinichukua muda kuizoea. Hakumuuliza mtoto kitu chochote cha nyumbani. Hata jambo dogo. Mtu yeyote mwingine, akija mtoto kwake atamuuliza, mama hajambo, mmekula nini, jana mlikwenda wapi. Yeye hapana. Nasra akianza mwenyewe kusema, jana mama aligombana na nani kwenye simu, Mwalimu anainua mkono: "Hayo ni ya nyumbani kwenu. Sita mara nane?" Nikadhani anatudharau, kwamba habari za watu weusi hazimhusu. Nilimchukia kwa hilo, nasema kweli.

Alikuwa na kabati moja, na ndani yake vitabu vinne vya historia, vya darasa lilelile, vya nchi ileile. Alinipangia mezani siku moja ya theluji.

"Vyote hivi nimevifundisha," akasema. "Na kila kimoja niliwaambia watoto, hiki ndicho cha kweli."

Cha kwanza kilisema Wachina ni ndugu zao wa damu. Cha pili kilisema hawana ndugu duniani, wamezingirwa, kila anayepita mpakani ni adui. Cha tatu kilitoka baada ya serikali ile kuanguka, nacho kilikuwa chembamba kama daftari la mtoto, kwa sababu waandishi wenyewe walikuwa hawajajua waseme nini. Cha nne kilikuwa na rangi, karatasi inateleza, kimekuja wakati wanataka kuingia Ulaya. Akakifungua katikati, akazishika kurasa chache kwa vidole viwili, akanionyesha unene wake.

"Maisha yangu," akasema, "ni hapa mpaka hapa."

Na kabla ya hivyo vinne, alipokuwa mwanafunzi mwenyewe, walikuwepo Warusi. Alisoma Kirusi mpaka akakiota, halafu wakubwa wakagombana, na wale waliokuwa wakisifiwa kila asubuhi wakageuka wasaliti. Kila darasa, alinieleza, lilikuwa na msumari juu ya ubao. Zikaangikwa picha za Warusi wamebeba masuke ya ngano. Wanafunzi wakarudi kutoka likizo, picha hazipo, msumari upo. Wakaja Wachina na picha zao, nao wakaondoka. Mwisho kabisa ikaangikwa bendera ya buluu ya Ulaya yenye nyota. "Katika watu wote wa nchi yangu," alisema, "aliyefanya kazi yake vizuri ni yule aliyepigilia msumari." Alisema hivyo bila kucheka, na mimi ndiye niliyecheka.

Mambo ya wino ndiyo yalinifanya nisicheke. Mkubwa mmoja wa nchi akigombana na mkubwa mwenzake, yule aliyeshindwa anauawa au anapotezwa, na siku chache baadaye shuleni inafika amri: fungueni ukurasa fulani. Watoto wachovye kalamu kwenye wino, wafute uso wa huyo mtu kwenye picha. Darasa zima linafuta, kimya, ndimi zimetoka nje kwa bidii.

"Walilipenda somo hilo kuliko yote," alisema. "Mmoja aliniuliza, Mwalimu, na macho tuyafute? Nikamwambia, macho hasa."

Mwaka wao wa shule uligawanywa mafungu matatu: masomo, jembe, bunduki. Watoto wanapanda miti ya matunda milimani, wanabeba mawe ya reli, halafu wiki kadhaa wanavaa nguo za jeshi na kulala kifudifudi kwenye matope wakimlenga Mmarekani aliyechorwa kwenye ubao. Nikamwambia hata sisi kwetu Kondoa tulilima shamba la shule, na mahindi akala mwalimu mkuu. Hapo alicheka mpaka akakohoa, akasema basi dunia ni moja. Lakini bunduki sisi hatukupewa.

Lakini usingethubutu kumwambia kwamba shule zile zilikuwa mbaya tupu. Mwanawe, fundi wa kompyuta, mtu mpole asiyeinua sauti, alilisema siku moja mbele yangu wakati tunakula. Alisema shule aliyofundisha mama yake ilikuwa kiwanda cha waongo.

Mwalimu akaweka uma chini. "Hesabu zinazokulisha hapa Marekani alikufundisha nani?"

"Wewe, mama."

"Katika shule gani?"

"Ile ile."

"Bibi yako alikuwa anatia dole gumba kama ng'ombe anayepigwa chapa. Walikuja vijana kijijini na ubao, wakamfundisha kusoma kabla hajafa. Hao waongo."

"Asome nini, mama? Walimfundisha kusoma, halafu wakampa kitabu kimoja."

Mwalimu alikaa akiutazama mkate. Na mimi nilikuwa katikati yao, maana nilitolewa darasa la tatu nilee wadogo zangu, na kusoma nilimalizia kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Anayekufundisha kusoma huwezi kumtukana. Hata akikupa kitabu cha uongo, herufi ni zako.

Serikali ile ilipoanguka, watu waliingia mashuleni na kubomoa. Wamekaa miaka yote wakiambiwa kila kitu ni mali ya umma, basi wakaja kuchukua mali yao. Mwalimu alifika asubuhi akakuta madirisha hayana vioo, madawati yamegeuzwa kuni, ramani ya dunia imechanwa nusu. Njiani akamwona kijana aliyekuwa mwanafunzi wake anakuja na mlango wa darasa kichwani. Kijana akasimama, akauweka mlango chini kwa adabu, akamwamkia, akauliza hali ya mume wake. Halafu akajitwika mlango wake akaenda zake.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza.

"Nilimsaidia kuunyanyua. Ulikuwa mzito."

Akafundisha miaka mingine kwenye chumba chenye nailoni dirishani. Kila mtoto anakuja na kipande cha kuni cha jiko, kama zamani, ila sasa kila mwezi madawati yanabaki wazi, wazazi wameshika njia kwenda Ugiriki, kwenda Italia. Ikafika mahali watu wameiba silaha za jeshi, na watoto wanachezea risasi uwanjani. Mwisho shule ile ilibaki na wanafunzi wanne. Ikafungwa. Mwanawe akapata bahati nasibu ya viza, wakaja huku.

Shuleni kwa kina Nasra huwa wanafundishwa kujificha, taa zimezimwa, mlango umefungwa, wasipumue kwa sauti, endapo mtu mwenye bunduki ataingia. Nasra alimsimulia Mwalimu. Mwalimu akamwambia, na sisi tulikuwa tunajificha kwenye mahandaki ya zege, tukiwasubiri Wamarekani waje. Mtoto akashangaa: kwani Wamarekani walikuja? "Hapana," Mwalimu akasema. "Mimi ndiye niliyekuja." Kisha akamwomba mwanawe ampeleke Arlington akalione lile jengo kubwa la jeshi ambalo aliwatishia nalo watoto miaka ishirini na kitu. Tulikwenda wote. Mwanawe akasimamisha gari mahali pa kuegesha, Mwalimu akalitazama kupitia kioo. Magari tu yanaingia, watu wana vikombe vya kahawa.

"Ni ofisi," akasema.

"Ni ofisi, mama."

"Wanafunzi wangu walikuwa wanakojoa kitandani kwa ajili ya hii." Baada ya muda akauliza choo kiko wapi.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe. Mwaka wa tatu wa masomo ya Nasra, Ramadhani imeingia, mtoto ana miaka minane, na kwa kiherehere chake mwenyewe anajaribu kufunga mpaka adhuhuri. Jumamosi moja asubuhi akashuka kwa Mwalimu kama kawaida. Kwao Mwalimu mgeni anapewa kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari, na maji ya baridi pembeni. Siku hiyo ametengeneza cheri. Akamletea mtoto kijiko mpaka mdomoni. Nasra akafunga mdomo, akasema, nimefunga.

Mtoto alirudi juu baada ya dakika tano, anasema Mwalimu amemwambia nenda, nenda haraka, na amekaa chini sakafuni. Nikadhani ni moyo. Nikashuka. Nikamkuta kakaa kweli sakafuni karibu na meza, kijiko kiko mkononi, cheri imemwagika kwenye sketi. Akaanza kuniambia, bila kunitazama.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili, amepangiwa kijiji cha Waislamu milimani. Yeye mwenyewe kwao ni Waislamu. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba dini imekwisha, misikiti imegeuzwa maghala. Ramadhani ya baridi ikaja. Mkuu wa shule akaleta bati la peremende, kitu ambacho watoto wa kijiji kile walikiona mara moja kwa mwaka, akamwambia: wape asubuhi, kila mmoja aile mbele yako, na asiyekula andika jina. Ndivyo walivyokuwa wanajua nyumba zinazofunga. Hawakumuuliza baba. Walimpa mtoto peremende.

Akawaita mmoja mmoja. Wote wakala. Mtoto wa kike wa fundi wa mashine ya kusaga naye akaiweka mdomoni, akaenda kukaa, akainama kama anafunga kiatu. Mwalimu akamwona anaitema mkononi na kuiweka mfukoni, afuturu nayo jioni. Mtoto wa miaka minane. Mfuko ukalowa.

"Ningeweza kutoona," Mwalimu akaniambia. "Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, moshi ulikuwa mwingi. Ningeweza kusema ni moshi."

Aliandika jina. Halafu mkuu wa shule akampa karatasi kubwa, zile walizoziita radi, za kumshutumu mtu hadharani, zinazobandikwa ukutani kila mtu asome. Akamchagua yeye aiandike kwa sababu ya mwandiko wake. Akaiandika. Yule baba akasomwa na kijiji kizima, akachukuliwa kifungoni kwenda kukausha mabwawa, na mke na watoto wakapakiwa kwenye lori kupelekwa mkoa mwingine. Dawati la yule mtoto akapewa mwingine.

Nikamuuliza, "Ulilia?"

"Hapana. Nilipongezwa."

Sikumfariji. Sina ulimi wa namna hiyo. Nilipanda juu kwangu, na Nasra nikamkataza kushuka. Rehema aliporudi kazini nikamweleza. Akavua viatu, akafikiri, akasema, "Mama, ni zamani sana. Yule alikuwa binti mdogo, angekataa wangemla na yeye."

"Yule mwingine alikuwa mdogo zaidi."

"Kwa hiyo unamwadhibu?"

"Simwadhibu. Namficha mtoto wangu."

Mwezi ukaisha, Idi ikapita, Nasra hajashuka. Mwalimu nikikutana naye mlangoni ananipa salamu na kupita, haombi kitu. Nisijifanye nina moyo mpana: nilimrudisha mtoto kwa sababu hesabu zilianguka. Nilimpeleka mpaka mlangoni, nikamkabidhi, nikaondoka. Mwalimu alimpokea kama vile alitoka jana, na kumuuliza habari za nyumbani bado hakumuuliza. Na hapo sasa nilijua kwa nini hamuulizi.

Tangu siku ile kumtafuta yule mwanafunzi kukawa si siri kwangu. Jioni mwanawe anakaa na simu, anaandikia watu wa kijiji kile waliotawanyika duniani. Walimu wenzake wengi wameshakufa. Mmoja alimjibu kwamba aache kuchimba, kila mtu alifanya. Mwalimu akasema, huyo ndiye aliyeandika majina mengi. Miaka miwili ikapita hivyo. Alianza kudhoofu, miguu ikajaa maji, na kila nikimkuta ananiambia lile lile, kwamba haogopi kufa, anaogopa kufa hajajibiwa. Mimi namwambia, na akikujibu vibaya? Ananiambia, vibaya pia ni jibu.

Wakampata. Hakuwa Ugiriki, hakuwa Italia. Alikuwa hapa hapa Marekani, Michigan, kwa binti yake, kabadilisha jina la ukoo kwa kuolewa. Mwana alimwandikia. Wiki nne kimya. Kisha ukaja ujumbe mfupi: Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nitapiga.

Mwalimu akamtuma mwanawe kwangu, niende nikakae karibu naye. Rehema alikuwa kazini, kwa hiyo Nasra nilimchukua, nikamweka kwenye meza ya jikoni kwa Mwalimu na hesabu zake za sehemu. Mwalimu amevaa gauni la kutokea. Mbele yake karatasi, ameandika yote aliyotaka kusema, mistari imenyooka. Simu ikalia, mwanawe akaiweka kwa sauti ya juu maana masikio ya mama yake hayakuwa mazuri tena. Walizungumza lugha yao. Nayaandika kama mwana alivyonieleza baadaye, neno kwa neno.

"Mimi ni mwalimu wako wa darasa la pili."

"Najua. Sauti ni ile ile."

Mwalimu akasoma karatasi yake. Peremende, mfuko, jina, ile radi ya ukutani. Hakujitetea, mwanawe anasema hakuna neno lililoruka. Upande wa pili ilisikika televisheni, halafu mtu akaizima.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Baba alirudi baada ya miaka saba. Alikuwa hawezi kukaa chumba kimoja na watu. Mimi kule tulikopelekwa nilisoma miaka miwili tu. Mwalimu wa kule alijua sisi ni nani, aliniweka nyuma, hakuniuliza swali hata moja miaka yote miwili. Halafu wakanipeleka shambani. Wewe uliendelea kufundisha?"

"Niliendelea."

"Miaka mingapi?"

"Mpaka shule ilipofungwa."

"Na sasa?"

Mwalimu alinyanyua macho. Kutoka pale tulipokaa Nasra alikuwa anaonekana, ameinama juu ya daftari, anauma penseli. Angeweza kusema hapana. Nani angejua? Nilimwona akifikiri, uso wote umekazana, na mimi wakati huo sijui wameulizana nini, naona tu kwamba anamtazama mjukuu wangu.

"Mtoto mmoja," akasema. "Hesabu na mwandiko."

"Wazazi wake wanajua ulichofanya?"

"Bibi yake anajua. Yuko hapa."

"Nipe huyo bibi."

Mwalimu akanisukumia simu. Yule mama akabadilisha lugha, akanisemesha Kiingereza, nacho ni kama changu, cha kuokota.

"Wewe bibi wa mtoto?"

"Ndiyo mimi."

"Mwislamu?"

"Mwislamu."

"Alikuambia habari ya peremende?"

"Aliniambia."

"Na mtoto unamwacha kwake."

Maneno mazuri yalinijia. Kwamba huyu mama amejuta, kwamba usiku hapati usingizi, kwamba amezeeka na miguu imevimba. Yote ni kweli. Lakini baba aliyepelekwa mabwawani hakuwa wangu, na sikuwa na ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake.

"Namwacha," nikasema. "Anafundisha vizuri."

"Alifundisha vizuri hata wakati ule," akasema. "Mimi nilimpenda sana. Nilikuwa naiga mwandiko wake." Kisha akauliza, "Wakati anafundisha, wewe unakuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Juu."

"Usiwe juu," akasema. "Kaa hapo."

Simu ikakatika. Mwalimu alinitazama, na sijawahi kumwona mtu mzima akinitazama hivyo, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Amesema nini?"

"Amesema nikae."

Akaikunja ile karatasi. Halafu akajishika kwenye meza, akainuka, na mwanawe alipotaka kumsaidia akamsukuma. Akaenda mpaka jikoni kwa miguu yake ile, akamwambia Nasra asogee. Akavuta kiti mwenyewe, akakiweka mahali ambapo nitaliona daftari na nitaiona mikono yake, akanisubiri nikae ndipo akachukua penseli.